Siku Niliyomsamehe Cucu

Juzi niliingia duka la agroveti pale Dagoretti Corner kutafuta dawa ya konokono wanaokula maua yangu, nikapigwa na harufu ya chakula cha vifaranga. Ninyi wa rika langu mliokulia kwenye ploti zilizokuwa na kuku mnaijua: pumba, mahindi yaliyosagwa, na dagaa waliopondwa hadi wakawa vumbi. Muuzaji aliniuliza mara mbili nataka nini. Nikamwambia nimesahau, nikatoka, nikasimama kando ya barabara, mwanamke mzima nimeshika mkoba, uso unanichoma kwa aibu. Kuna jambo ambalo sijawahi kulisema likaaminika, na kwa sababu ya jambo hilo nimesifiwa karibu maisha yangu yote.

Tuliishi kwenye ploti ya familia, mwendo wa dakika chache kutoka Ngong Road. Mbele ilikuwa nyumba yetu ya mawe, nyuma kabisa vyumba vya wapangaji, na katikati nyumba ya mbao ya Cucu, mama mzazi wa baba yangu. Cucu alikataa katakata kuhamia kwetu. Alisema nyumba ya mawe ina baridi ya mortuari, na kwamba chai iliyopikwa kwa gesi haina maana. Alikuwa na jiko lake la makaa, kitanda chake, kuku wake, na viti vyake vilivyofunikwa vitambaa alivyovifuma mwenyewe. Hakuna aliyeingia bila kubisha, hata Baba.

Kwa desturi yetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, kwa hiyo tulikuwa Wanjiru wawili pale nyumbani. Yeye hakuniita Wanjiru. Aliniita wajina, na alinipendelea waziwazi kama mtu anayejipendelea mwenyewe, kipande kikubwa cha kiazi kikinifuata mimi popote nilipokaa. Baba naye akiwa na furaha aliniita mami, kwa sababu nina jina la mama yake, nami nilimjibu kwa maringo kama mzazi. Watu walisema nina roho ya Cucu. Nilikua nikiamini kwamba roho nzuri hurithiwa pamoja na jina, bila kazi yoyote.

Nilipokuwa darasa la nne Cucu alinipa kifaranga mmoja kati ya wanane walioanguliwa na kuku wake mwekundu. Alimpaka mgongoni buluu ya kufulia ili asichanganywe na wengine, akaniambia akija kutaga mayai yatakuwa yangu, na vifaranga wake watakuwa wangu. Nilijiona tajiri. Kwa wiki mbili nilikuwa nikimfuata yule kifaranga wa buluu uani tangu nitoke shule hadi niitwe kuoga.

Sasa niseme kuhusu geti. Geti letu lilikuwa la chuma, zito, na bawaba zake zilishachomelewa mara mbili kwa sababu ya mimi kubembea juu yake. Baba alikuwa ametangaza kwamba mtu atakayeonekana tena amening'inia pale atafua nguo za nyumba nzima kila Jumamosi mpaka Krismasi. Lakini ile Jumamosi Baba alikuwa ofisini kwake Hurlingham, Mama alikuwa kibandani kwake Ngara akiuza mapazia, na kubembea kwenye geti kulikuwa na utamu ambao sijaupata mahali pengine. Unasukuma ardhi kwa mguu mmoja, geti linaondoka na wewe polepole likilia, na barabara nzima inageuka mbele ya macho yako.

Vifaranga walikuwa wakidonoa kwenye nyasi chini ya geti. Sikuwaona. Nilisikia sauti ndogo tu, kama ya mtu anayefungua kifuniko cha chupa, kisha kilio chembamba. Niliposhuka nilimkuta kifaranga wangu amelala ubavu, mguu wake wa kulia umeelekea upande ambao mguu hauelekei.

Kwa miaka mingi nimejaribu kujihurumia kwa yaliyofuata, na nimeshindwa. Sikupiga kelele palepale. Kwanza nilimwokota, nikatembea naye hatua saba au nane hadi katikati ya ua, mbele ya mlango wa Cucu, nikamweka chini. Ndipo nikapiga kelele. Sikumbuki nikipanga, lakini miguu yangu ilijua inakwenda wapi.

Cucu alitoka mbio amevaa gambuti zake, viatu virefu vya mpira, sahani ya mabaki ya ugali mkononi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akitutambua kwa sauti na kwa mwendo zaidi ya sura. Kuku mwekundu na vifaranga wake wakamkimbilia miguuni kwa sababu ya ile sahani, akayumba kati yao, akasimama. Akaniuliza ni nini.

"Cucu, umemkanyaga."

Aliinua gambuti moja juu, akabaki amesimama kwa mguu mmoja, kama anayepisha mtu anayedeki. "Ni mimi?"

"Ni wewe."

"Na sijaskia kitu," akasema, akiinama kupapasa chini kwa mkono. Alipompata akamweka kiganjani na kukaa kizingitini.

Kisha akafanya kazi. Alinituma niokote kijiti cha aiskrimu barabarani, akakichonga kwa kisu cha viazi, akararua upindo wa kitambaa chake cha kichwa. Mimi nilikuwa macho yake. Nilimwambia mfupa uko wapi, na yeye akafunga, taratibu, akiomba kwa sauti ya chini, akimwomba yule kifaranga msamaha kwa Kikuyu, mtu mzima wa miaka sabini na kitu. Nilishika kile kijiguu na kusikia yote. Hapo pia ningeweza kusema.

Jioni hiyo Cucu mwenyewe alimweleza Baba, kabla sijafungua kinywa. Baba alisikiliza, akamtazama mama yake, kisha akaitazama gambuti, na akaendelea kunywa chai.

Kifaranga alipona lakini mguu haukukunjika tena. Ulibaki mgumu umetokeza pembeni, na akitembea alipiga hatua moja, akasimama, akauvuta ule mwingine, akasimama tena. Mpangaji mmoja akasema anatembea kama bibi harusi anayeingia kanisani, na jina likamkaa. Bibi Harusi hakuweza kuparua ardhi kutafuta chakula, kwa hiyo nilimparulia mimi kwa kijiko. Hakuweza kupanda kwenye kijiti cha kulalia, akalala ndani ya karai lenye magunia. Wenzake walimdonoa kichwani hadi nikamtenga. Kwa sababu alikuwa akilalia kifua, akapata kidonda, nami nilikiosha kwa maji ya chumvi yaliyopoa na kukipaka mafuta ya mgando. Kuku hupenda kuoga vumbi, lakini yeye akijilaza ili ajimwagie alishindwa kuinuka, basi kila Jumamosi nilimmwagia majivu kwa kiganja, chini ya mabawa, mgongoni, shingoni, akifumba macho kwa raha.

Nilimpenda. Nataka niaminiwe hapo walau. Lakini sijui ni mara ngapi nilimwosha kile kidonda kwa sababu kuna mtu anapita. Wapangaji walisimama kunitazama na kusema huyu msichana hakika ana roho ya cucu yake. Nilikuwa nikiinama zaidi wanaposema hivyo.

Upande wa Cucu mambo yalikwenda kinyume. Kabla ya kifaranga, kumwaga chai au kukosea kikombe kulikuwa ni uzee tu, watu wakicheka naye. Baada ya kifaranga ikawa hatari. Baba alianza kumchunguza. Alimkuta siku moja ameweka kitambaa karibu na jiko, akasema kwa upole lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, "Leo ni kuku. Kesho ni moto." Jiko la makaa likahamishwa stoo. Kwa kuwa hana jiko, akawa anakula kwetu. Kwa kuwa anakula kwetu na usiku hawezi kuvuka ua peke yake, akaletewa kitanda chumbani mwangu. Nyumba ya mbao ikafungwa.

Mtu mwingine angepigana. Huyu Cucu aliyewahi kumfukuza diwani kwenye ploti yake kwa fimbo ya kufagilia buibui alikubali kila kitu, kwa sababu naye aliamini. Aliacha kuinua miguu. Aliiburuta, inchi kwa inchi, hata ndani ya nyumba, ili asikanyage kitu chenye uhai. Gambuti zilikaa nje ya mlango mpaka zikaingia mchwa.

Cucu alikuwa mmoja wa ndugu waliookoka, wale wa zamani, wanaokutana Alhamisi alasiri katika nyumba ya mmoja wao. Wale ambao mna cucu wa aina hiyo mnajua ushirika wao ulivyo. Mtu husimama na kuungama mbele ya wote, hata kidogo cha kidogo, hata maziwa aliyoyatia maji. Na kama amemkosea mtu aliye mle ndani, humgeukia na kumwomba msamaha, na yule mtu lazima ajibu kwa sauti. Akijibu, wote wanaimba. Bila jibu, hakuna kuimba. Zamu ya kwetu ilifika, sebule ikajaa, nami nikawa nimekaa mkekani karibu na mlango nikimfikiria Bibi Harusi, wakati Cucu aliposimama.

"Bwana asifiwe. Mimi nimeokoka, na nataka kutembea kwa mwanga. Nilikanyaga kuku ya mtoto, na sikuona. Lakini si hiyo inanisumbua. Vile aliniambia ni mimi, kwa roho yangu nilisema huyu mtoto ananisingizia. Wiki nyingi nimeangalia mtoto wa watu hivyo. Hiyo ndiyo dhambi yangu. Wajina, unisamehe."

Vichwa vyote viligeuka. Nilikuwa na miaka kumi, na watu wazima wapatao ishirini, wengine wenye mvi, walikuwa wakinisubiri ili waweze kuimba. Mama alinigusa bega kwa kidole. Nilitazama chini, kwenye soksi za Cucu.

"Nimekusamehe, Cucu."

Waliimba mpaka madirisha yakatetemeka. Cucu alinikumbatia, machozi yake yakaniingia shingoni. Mzee mmoja akamnong'oneza Baba kwamba mtoto huyu atafika mbali na Mungu. Nilipewa andazi la pili, nikalila lote.

Usiku huo, na usiku mwingine mwingi, nilipiga hesabu ya kitoto. Nilidhani Mungu ana karani, na kila kinachosemwa kwenye ushirika na kuimbiwa huandikwa kwa wino. Basi imeandikwa kwamba ni Cucu. Nikienda kusema si yeye, karani atalazimika kufuta, na Cucu ataonekana amesema uongo mbele ya ndugu. Kwa hiyo kunyamaza kwangu kulikuwa ni kumlinda. Siku nyingine nilifaulu hata kuiona ile gambuti ikishuka. Mtoto ana akili nyingi sana anapotafuta pa kujificha.

Bibi Harusi alitaga yai lake la kwanza ndani ya karai. Siku hizohizo Baba akasema mezani kwamba nyumba ya mbao inaoza kwa kukaa tupu, na kuna mtu anayeitaka. Akamuuliza Cucu kama ana neno. Cucu akasema hana, ila angependa kuitoa mizigo yake mwenyewe, na wajina amsaidie.

Tulikwenda Jumapili baada ya ibada. Mle ndani kulinuka moshi wa zamani. Cucu hakutoa mzigo wowote. Aliburuta miguu hadi ukutani, akaanza kuupapasa ubao kwa ubao, akiniambia huu ulipigiliwa na guka yako, mume wangu, hapa baba yako alichora gari kwa msumari, hapa palikuwa na taa. Alipofika mahali jiko lilipokuwa akasimama na kupapasa hewani. Nikasema kila kitu kwa mkupuo, geti, kubembea, hatua nilizotembea naye mkononi.

"Cucu, si wewe. Ni mimi."

Alicheka kidogo, akautafuta uso wangu kwa viganja. "Wajina, usijiwekee dhambi ya mtu mzima."

"Lakini ni ukweli."

"Nyamaza. Najua unanionea huruma juu ya nyumba. Mimi nilishasamehewa, na ni wewe ulinisamehe."

Nilisema tena. Nililia. Kadiri nilivyolia ndivyo alivyonibana kifuani na kuniambia basi, basi. Leo ninaelewa kwamba lile wazo la kunishuku alikuwa amepigana nalo mbele ya watu na kulishinda, na asingelikubali lirudi, hata kama ni mimi niliyelileta kwa mikono yangu. Wakati huo nilielewa tu kwamba nimesema na haikusaidia. Na kuna sehemu yangu, siifichi, iliyopumua.

Alhamisi iliyofuata alisimama tena kwenye ushirika. Aliwaeleza ndugu kwamba mjukuu wake alijaribu kulibeba kosa lake ili cucu yake arudi kwenye nyumba yake, mtoto mdogo namna hii, kama Bwana alivyobeba letu. Wanawake wakafuta macho. Yule mzee akainuka na kuniwekea mkono kichwani. Nilitamani sakafu ipasuke, na papo hapo nilikaa wima ili wanione vizuri.

Jumamosi asubuhi Baba alikuwa getini akitia mafuta kwenye bawaba. Aliniita, mami, kuja. Nikaenda. Aliendelea na kazi yake, macho yakiwa kwenye chuma.

"Ile kitu ulimwambia cucu yako, ni ukweli ama ni huruma tu?"

Alidondosha mafuta, akalisukuma geti mbele na nyuma, akasikiliza.

"Kama ni ukweli, sitakuchapa. Hata nguo hutafua. Yeye anarudi kwake leo, na mimi naambia yule mtu atafute nyumba ingine."

Hakukuwa na adhabu tena ya kuogopa. Kila mlango ulikuwa umefunguliwa na mtu mzima aliyesimama amenishikia. Lakini ningepita hapo nikiwa nani? Mama angejua. Wapangaji wangejua. Alhamisi ingefika, na wale ndugu, na mkono wa yule mzee kichwani. Nilikuwa nimepandishwa juu sana, na kushuka kulikuwa mbele ya watu wote. Nilijua kabisa ninachomnyima Cucu. Geti sikulikusudia, na lile neno la kwanza unaweza kusema lilinitoka kwa woga. Hili nililisema nikiwa nimetulia, nikiwa nimepewa muda wa kufikiri.

"Ni huruma tu," nikamwambia Baba.

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyekuwa ametarajia jibu lingine. Akanirudisha nyumbani nikale.

Mpangaji alihamia mwisho wa mwezi. Cucu aliomba kiti kiwekwe mlangoni kwetu, akakaa na Bibi Harusi mapajani, ule mguu mgumu umetokeza pembeni ya kiganja chake. Kutoka pale hakuweza kuona zaidi ya vivuli vikiingia na kutoka, kwa hiyo akaniuliza wanaleta nini. Nikasimama nyuma yake, nikamtajia: kitanda cha mbao, godoro la buluu, meza, ndoo mbili, televisheni, jiko la gesi. Akaniuliza kitanda wamekiweka upande gani. Niliinuka kwa vidole vya miguu ili nione vizuri, nikamwambia ukweli mtupu.